Mfunga Mlango wa Mlima

Kama hukupata gazeti la wiki iliyopita, hujapitwa na sifa zangu. Niliishia sebuleni kwa wazazi wa mchumba wangu, suruali imechanika makalioni, nimeng'ang'ania kochi nisije nikaambiwa nisimame, na mdomo wangu huu, ambao ningeshukuru kama Mungu angenipa nusu yake, unatamka maneno haya: "Mlima ule? Mimi naupanda kila mwaka. Yale maporomoko ya maji nayajua kama chumba changu."

Uongo mtupu. Mimi ni muuza magodoro. Kitu kirefu nilichowahi kupanda ni rundo la magodoro dukani, na hata pale lazima mtu anishikie ngazi.

Shemeji ndiye aliyenichokoza. Kaka wa mchumba wangu ni fundi umeme wa nguzoni, mtu anayeshinda hewani kama ndege, na tangu siku ya kwanza aliniita Godoro. "Godoro, karibu chai." "Godoro, dada yangu utamlisha nini, sponji?" Nyumba nzima inacheka. Mchumba wangu naye anacheka, halafu ananifinya mkono chini ya meza nisinune.

Aliyekuwa hacheki ni baba mkwe peke yake. Mzee aliendesha treni mpaka akastaafu, na hata kijiko anakishika taratibu kama anaogopa kukistua. "Mwacheni kijana," alisema. "Anayewalaza watu vizuri ana thawabu zake."

Wasomaji wangu, mkumbukeni huyo mzee. Mama mkwe alikuwa bado ananipima. Shemeji alishanipima akaona nimepelea. Mzee ndiye aliyekuwa wangu, na ndiye aliyesema, "Basi twendeni wote huko mlimani, tulale lojini, tufahamiane vizuri. Tukirudi nitatoa jibu langu la ndoa."

Ndivyo nilivyojikuta asubuhi kwenye baraza ya loji, nimevaa viatu vipya vinavyonibana, nikitazama mlima ambao kichwa chake kilikuwa ndani ya mawingu.

Kiongozi wa msafara alitukusanya, sisi na wageni wengine waliolala pale. Akamgawia kila mtu koti la mvua la njano lenye kofia, kwa sababu huko juu, alisema, mvua haipigi hodi.

"Hapa tuna utaratibu mmoja tu," akasema. "Mbele natangulia mimi. Nyuma kabisa anakaa mtu mmoja, tunamwita mfunga mlango. Huyu hampiti mtu. Mtu akichoka, anachoka naye. Mtu akikaa, anakaa naye. Nikimwona amerudi hapa, najua mlima umefungwa, hakuna roho iliyobaki, navua viatu. Leo msaidizi wangu anaumwa. Nani anaijua njia?"

"Tunaye!" shemeji akadakia kabla hajamaliza. "Godoro anaupanda kila mwaka!"

Kiongozi akanitazama viatu, akanitazama uso. "Unaijua kweli, kaka?"

Ndugu zangu, mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Ningesema tu, "Hapana, nilikuwa natania." Wangecheka siku nzima, jioni wangechoka. Lakini mchumba wangu alikuwa ananitazama kwa fahari, macho yanang'aa, na mimi fahari ile sikuwa nimeizoea.

"Naijua," nikasema.

Akanivika kizibao chekundu cha mfunga mlango juu ya koti. Shemeji akanipigia saluti.

Njia ilikuwa ya matope na mizizi. Wenzangu walitangulia wakiimba, mimi nikabaki nyuma na mzee, ambaye goti lake moja lilikuwa linamsumbua. Nilifurahi kimoyomoyo. Goti lake lilinifichia mapafu yangu.

"Pumzika, baba," nilimwambia kila niliposhindwa kupumua.

"Ahsante, mwanangu," alijibu kila mara, na akakaa, ingawa nadhani alijua anayehitaji kupumzika ni nani.

Tukiwa tumekaa akaniambia habari za treni. "Mimi nikiwa dereva sikuwa naona nyuma. Behewa la mwisho anakaa gadi, msimamizi wa treni. Yeye akisema njia nyeupe, naondoka. Sikuwahi kugeuza shingo hata siku moja. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini, baba?"

"Ukianza kumgeukia gadi, basi humwamini. Na kama humwamini, usiendeshe." Akanipiga bega. "Leo gadi wangu ni wewe."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Halafu tukafika darajani.

Sijui waliliita daraja kwa kigezo gani. Magogo yalilazwa sambamba juu ya korongo, yamelowa na kuota ukungu, na upande mmoja kuna waya wa kushikilia. Chini maji yananguruma na huyaoni, mvuke umejaa. Wenzetu walishavuka zamani. Mzee akashika waya, akaanza kuvuka mguu mmoja mmoja huku anaimba kwa sauti ya chini. Hakugeuka.

Nikaweka mguu kwenye gogo. Gogo likateleza kidogo, kidogo tu. Miguu ikaniambia kwaheri. Bila kuamua nikajikuta nimekaa chini upande wangu ule ule, nimekumbatia mti.

Mzee akafika ng'ambo, akakata kona ya mwamba, akapotea.

Ningemwita. "Baba, naogopa." Maneno mawili, na mzee yule asingemwambia mtu. Sikumwita. Afadhali nisemwe nimekufa kuliko kusemwa nimeogopa, nilifikiri, na nikajiona mwanaume.

Nikapanga mpango. Watarudi njia hii hii. Nitajificha kichakani, wakishapita wote nitatoka niwafuate kwa nyuma. Mfunga mlango si anakaa nyuma? Nani atajua?

Mvua ikaja kweli bila hodi. Nilikaa kwenye majani nyuma ya jiwe kama mwizi wa kuku, mpaka nikasikia sauti za watu. Wakapita makoti ya njano, kofia zimefunika nyuso, kila mtu ameinamia miguu yake. Sikuwahesabu. Sikuinua hata kichwa vizuri, maana kizibao chekundu kingeonekana. Nilichotaka ni wapite, basi.

Nikajiambia mzee yumo. Goti bovu, mvua kubwa, atakosa vipi kuwemo?

Nikatoka, nikawafuata kwa mbali.

Kufika lojini nilipokelewa kama bwana harusi. Mchumba wangu alikuja mbio barazani na taulo. Shemeji akanipa mkono, na nisikilizeni vizuri, akasema, "Leo umenishinda. Samahani kwa utani wangu wote, shemeji."

Shemeji! Tangu tujuane hakuwahi kuniita hivyo.

Kiongozi alikuwa amekaa kwenye ngazi, viatu bado miguuni, ananisubiri. "Mlima umefungwa?"

"Umefungwa," nikajibu kwa sauti ya kiume.

"Na mzee yuko wapi?"

Nikageuka kutazama njia niliyotoka.

"Si umeshuka naye?" kiongozi akaendelea. "Tulimkuta ng'ambo ya daraja amekaa anapumzisha goti. Nikamwambia tugeuze, maji ya juu yameanza kujaa. Akasema, nyie tangulieni, nitashuka na mfunga mlango, kaingia kichakani kujisaidia mara moja. Nikaona yuko na mtu anayeijua njia, nikawateremsha hawa wengine."

Mzee alinifichia. Alikuwa amenisubiri, akaona siji, akajua au hakujua, na bado akanitungia udhuru ili nisichekwe.

Hapo, wasomaji wangu, ndipo ninapotamani gazeti hili lingeishiwa wino.

Macho yote yalikuwa kwangu. Taulo la mchumba wangu lilikuwa shingoni mwangu. Neno "shemeji" lilikuwa bado la moto masikioni. Na mimi nikafungua mdomo nikasema:

"Yupo. Amepitia mlango wa nyuma, kaenda chumbani moja kwa moja. Amechoka, tusimsumbue."

Kiongozi akashusha pumzi, akainama, akafungua kamba za viatu vyake.

Nilikusudia kutoka kimyakimya nikamtafute mwenyewe. Naapa nilikusudia. Nitajifanya naenda msalani, nitapanda mbio, nitamkuta njiani, tutaelewana wanaume wawili, mambo yataisha. Lakini mama mkwe alishanikamata mkono.

"Kaa hapa mwanangu, karibu na moto. Umetutunzia mzee wetu."

Akanikalisha kwenye kiti cha karibu na jiko la kuni. Akaleta beseni la maji ya moto, akaliweka miguuni pangu kwa mikono yake mwenyewe. Mama mkwe! Mimi niliyetakiwa nimwinamie yeye! Nikakataa, akasisitiza. Nikaingiza miguu. Maji yalikuwa matamu na mimi nilitamani yanichemshe.

"Kunywa chai."

Nikanywa. Kikombe kilikuwa kinagongana na meno.

"Baridi hiyo," mama mkwe akasema kwa huruma, akaniongezea blanketi.

Nje mvua ilizidi. Kila nilipotaka kuinuka kulikuwa na mtu ananipa kitu: mkate, soksi kavu, sifa. Shemeji alikuwa anawasimulia wageni wengine jinsi alivyonidharau na jinsi mtu asivyopaswa kumdharau mtu. Mchumba wangu aliniwekea kichwa begani. "Baba atakubali," akaninong'oneza. "Sasa hana sababu ya kukataa."

Nikamtazama yule kiongozi. Alikuwa amenyoosha miguu, amevaa ndala, anapiga soga. Nilimvua viatu kwa mdomo wangu.

Mwanga ulianza kufifia madirishani mama mkwe aliposimama. "Ngoja nikamwamshe mzee, ale kabla ya kulala. Dawa yake ya presha hainywewi tumbo tupu."

Akaenda mapokezi kuuliza kama mlango wa chumba umefungwa. Nilimsikia dada wa mapokezi akimjibu, sauti yake ya kawaida kabisa:

"Ufunguo wenu huu hapa, mama, tangu asubuhi. Mzee hajaupitia."

Mchumba wangu akainua kichwa kutoka begani mwangu.

"Si ulisema kaenda chumbani?" mchumba wangu akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu.

"Labda," nikasema. "Labda kapitiliza."

"Atakuwa kule chini barabarani anatafuta mtandao wa simu," shemeji akasema, akainuka. "Namjua mzee. Akikosa ufunguo hasumbui mtu. Haya, tugawane. Mimi naenda barabarani. Kiongozi, pitia bustanini na kule kwenye vibanda. Mama, wewe baki hapa, asije akarudi asikute mtu."

Mama mkwe hakubaki. Alishajifunga khanga kichwani, ana mwavuli, anatoka. Kiongozi alikuwa ananyoosha mkono kuchukua tochi. Wote walikuwa wanaelekea chini. Kila mtu anakwenda chini kwa ajili ya neno langu, na mzee yuko juu.

"Msiende huko," nikasema.

Hawakunisikia. Nikasimama ndani ya beseni, maji yakamwagika sakafuni.

"Msiende huko! Hakurudi!"

Wakageuka.

"Hakurudi nani?" mama mkwe akauliza.

"Mzee. Yuko juu. Mimi sikuvuka daraja. Niliogopa nikajificha kichakani, nikawafuata nyuma mlipopita. Sijawahi kuupanda huu mlima. Sikufika kwenye maporomoko wala siyajui yalivyo."

Nilidhani nimemaliza. Nilidhani kusema ndiyo kazi yenyewe. Lakini mchumba wangu alikuwa na swali lake, na alilisema polepole kama mtu anayehesabu.

"Kiongozi alipokuuliza pale barazani, ukasema kaenda chumbani. Ulikuwa unajua hayupo?"

"Nilijua."

"Mama alipokuwa anakuletea maji ya miguu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilipokuwekea kichwa begani?"

Hakusubiri jibu. Yeye mwenyewe alishaondoka pale aliposimama, anatafuta viatu vyake.

Mama mkwe hakunitukana. Aliokota taulo, akaanza kukausha maji niliyomwaga, anakausha pale pale tu, hata pakishakauka. Shemeji alinipita akichukua kamba ukutani. Nilisubiri aniite Godoro. Hakuniita jina lolote.

Tulipanda wanne: kiongozi, shemeji, mchumba wangu na mimi. Mama aliachwa na dada wa mapokezi, amekaa kwenye kile kiti changu cha karibu na moto. Kiongozi hakutaka niende. "Wewe unaweza kutuongezea mzigo," alisema. Nikamwambia nitakwenda hata kwa magoti. Akaniangalia, akasema, "Kaa katikati, basi. Usikae nyuma."

Njiani hakuna aliyezungumza nami. Mara moja nilimshika mchumba wangu mkono alipoteleza. Aliutoa mkono wake pole pole, bila kunisukuma, akajishikia mti.

Tulipofika darajani mwanga ulikuwa umebaki kiduchu. Maji ya korongoni yalikuwa yananguruma kuliko mchana. Kiongozi akaweka mikono mdomoni akaita. Mara ya kwanza hakukuwa na jibu. Mara ya pili tukasikia sauti, na ilitoka mahali ambapo hakuna kati yetu aliyepatarajia. Haikutoka ng'ambo. Ilitoka chini.

"Huku! Huku chini!"

Kiongozi akalala kifudifudi, akamulika tochi. Chini yetu kulikuwa na kibao cha mwamba, na juu yake mtu aliyekaa, koti la njano, mguu mmoja umejikunja vibaya. Hatua chache chini yake, maji.

"Baba!" mchumba wangu akalia.

"Mwanangu, usije karibu na ukingo!" Sauti ilikuwa imekauka, sauti ya mtu aliyeita tangu mchana. "Mimi nina pa kukaa. Mtafuteni kijana kwanza! Ameangukia humu!"

Nikajivuta nyuma ya shemeji.

"Nilimsubiri, hakuja," mzee akaendelea, anapumzika katikati ya maneno. "Nikarudi darajani, hayupo. Nikamwita, haitiki. Angekwenda wapi? Asingeniacha. Nikajua kateleza. Nimeshuka kumtafuta, mguu ukaninasa hapa. Mulikeni kule kwenye mawe, kule mkono wa kushoto!"

Kiongozi alimulika kwangu, si kule kwenye mawe.

Shemeji alishafunga kamba kwenye mti, anaishusha. Mikono yake ya nguzoni ilikuwa haikosei. "Baba, kamba hiyo inakuja. Jifunge kifuani, tutakuvuta. Maji yanapanda!"

"Sijifungi! Mimi nikitoka hapa mtasema kazi imekwisha. Mshusheni mtu amtafute kijana. Nitamwambia nini mama yake?"

"Baba, jifunge kwanza!"

"Mpaka mumpate!"

Maji yakapiga ule mwamba, yakarudi. Tuliona yamemfikia viatu.

Mchumba wangu alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu tutoke lojini. "Mwambie," akasema. "Usipomwambia atafia hapo anakusubiri wewe."

Nikatambaa mpaka ukingoni. Safari hii si korongo nililokuwa naliogopa.

"Nipo, baba," nikaita.

Koti la njano likajigeuza kule chini.

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Niko mzima."

"Ahaa! Alhamdulillahi!" Akacheka, wallahi alicheka, kicheko cha kukohoa, mkono umenyooka juu kuelekea kwenye kamba. "Nilijua tu. Umetokea upande gani, mwanangu? Nimeita mpaka sauti imekwisha. Ulikuwa umenasa wapi?"

Hakuna aliyetaka kunisaidia hata neno moja, na sikustahili.

"Nilikuwa lojini, baba."

"Wapi?"

"Lojini. Nilirudi mchana. Nilikuwa nakunywa chai."

Kicheko kilikatika. Tochi ya kiongozi ilikuwa juu yake, na nikamwona mzee anashusha ule mkono taratibu, kama anavyoshusha kijiko, akauweka pajani. Hakunitukana. Hakuuliza tena. Akageuza uso, akatazama maji.

"Baba, shika kamba!" mchumba wangu akapiga kelele. "Baba!"

Wimbi likaja, kubwa kuliko lililotangulia, likafunika mwamba wote, tukaona mvuke tu. Shemeji akaizungusha kamba mkononi, akakaza miguu kwenye tope, akaivuta kupima kama kuna mtu.

Ikaja nyepesi.